Riziki, Mwili na Haki: Yanayomdumisha Msanii

Msanii aliyefanya kazi yake miaka thelathini au arobaini bila kukatika ana mambo nyuma yake ambayo hadhira haiyaoni: anavyopata chakula siku ambayo hakuuza kitu, saa anazozitenga kwa kazi, afya ya masikio na mgongo wake, wenzake wanaomwambia ukweli, na karatasi alizotia saini. Wengi walioishia njiani hawakupungukiwa kipaji. Walipungukiwa mojawapo ya hayo, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza mapema kwamba nalo ni sehemu ya kazi. Sanaa ya Kiswahili, kuanzia taarabu ya Unguja hadi dansi na uchoraji wa Dar es Salaam, ina mifano ya kutosha ya waliodumu na ya waliokatika.

Riziki

Jambo la kwanza ni tumbo, na ni vyema lisemwe wazi. Sanaa inayolazimishwa kulipa kodi ya nyumba tangu siku ya kwanza hugeuka haraka kuwa biashara ya kumpendeza yeyote mwenye pesa mkononi, kabla mwenyewe hajajua anataka kusema nini. Ndiyo maana wengi wa wale wanaoheshimiwa leo walianza, na wengine waliendelea hadi mwisho, wakiwa na kazi nyingine.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alikuwa mfinyanzi kama mama yake, akibeba vyungu na kuvinadi kwa sauti iliyokuja kuwa maarufu. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa uimbaji na muziki, na mwaka 1928 akasafiri na kundi lake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert, aliyekuja kuandika wasifu wa mwimbaji huyo, aliajiriwa mwaka 1926 kuwa karani wa forodha. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 30, alizunguka katika idara mbalimbali za serikali ya kikoloni, huku akitunga mashairi, riwaya na insha ambazo zilijaza vitabu zaidi ya 20. Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alifanya kazi za mikono za kila aina, na alikuwa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili wakati picha zake zilipoanza kununuliwa. Abdulrazak Gurnah alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 akiwa mwalimu wa chuo kikuu Uingereza, akaendelea kufundisha Kent hadi alipostaafu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ilimkuta na riwaya 10 na miaka 34 tangu ile ya kwanza. Kama angehitaji kila riwaya imlishe, huenda zisingefika tatu.

Hakuna aibu katika ajira ya namna hiyo, na kijana anayeona haya kusema kwamba mchana anauza duka au anafundisha shule ya msingi anajitesa bure. La kuangalia ni aina ya kazi yenyewe. Kazi inayomfaa msanii ina saa zinazojulikana, inamwachia akili jioni, na haitumii kile kile anachokihitaji kwa sanaa yake. Mwandishi wa riwaya anayeshinda akiandika matangazo ya biashara hurudi nyumbani maneno yamemwishia. Mwenye kazi ya hesabu au ya bustani hurudi akiwa amechoka mwili tu, na maneno yake bado mazima.

Njia nyingine ni kuwa na vyanzo vingi vidogo ndani ya fani yenyewe. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, hakuwa mwimbaji wa taarabu tu. Alikuwa somo wa unyago aliyewafunda wasichana wa Zanzibar kwa miongo mingi, mpiga ngoma wa msondo, mpaka hina, na mjuzi wa mitishamba. Majukwaa ya ng'ambo yalimjia uzeeni, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, lakini maisha yake yalikuwa yamekwisha kusimama kabla ya hapo kwa zile shughuli za mtaani ambazo zilimweka karibu na watu na nyimbo zao. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Tanzania iliwahi pia kujaribu jibu la tatu, ambalo linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Tangu mwaka 1964, wakati NUTA Jazz ilipoundwa chini ya chama cha wafanyakazi, bendi nyingi za dansi zilimilikiwa na taasisi: jumuiya, mashirika ya umma, polisi, jeshi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara wa mwezi, mahali pa kufanyia mazoezi na gari la kwenda kwenye shoo. Mfumo huo ulizaa kazi nzito. Wapiga gitaa, wapuliza tarumbeta na watunzi walikaa pamoja miaka mingi, wakafanya mazoezi mchana na kupiga usiku, na nyimbo zao zilipita kwanza kwa wacheza dansi, wiki baada ya wiki, kabla ya kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ulifika studio ukiwa umekwisha kuiva.

Udhaifu wake ulikuwa katika umiliki. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na jina la bendi lilikuwa la mwajiri. Mwanamuziki aliyetaka hali bora hakuwa na silaha nyingine ila kuhama, na mwenye vyombo vipya aliweza kubomoa bendi ya mwenzake kwa kuwavuta watu wachache. Muhidin Gurumo alitoka Juwata, jina jipya la NUTA, na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Mlimani Park mwaka 1978. Mwaka 1985 yeye na wenzake kadhaa walivutwa kwenda bendi ya OSS, na hatimaye akarudi kwenye bendi yake ya zamani ya NUTA, ambayo sasa iliitwa Msondo. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, ilijulikana hadharani kwamba hakuwahi kumiliki gari, na msanii wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akampa moja. Alifariki Aprili 2014. Zawadi ile ilikuwa ya heshima na iliwagusa wengi. Lakini mtu aliyezichezesha harusi na kumbi za nchi nzima kwa vizazi viwili hakupaswa kutegemea ukarimu wa mtu mmoja, na kilichokosekana kwake hakikuwa mshahara. Kilikuwa sehemu yake katika mali aliyoizalisha, jambo litakalorudi mbele katika sura hii.

Msanii wa leo, ambaye kwa kawaida hana mwajiri, hupokea fedha kwa mafungu: msimu wa harusi, kampeni ya uchaguzi, tamasha, oda ya hoteli, malipo ya miito ya simu. Kati ya fungu moja na jingine kuna miezi mikavu. Anayelichukulia fungu kama mshahara wa mwezi huo hujikuta anakopa mwezi unaofuata, na deni ndilo linalomfanya akubali kazi mbaya au mkataba mbaya. Waliojifunza hugawa kila fungu siku ile ile linapoingia: la kodi ya serikali, la vifaa, la miezi mikavu, na la kula. Michango ya hiari katika mifuko ya hifadhi ya jamii, ambayo Tanzania na Kenya iko wazi kwa waliojiajiri, na bima ya afya huingia hapo hapo, kabla ya viatu vya jukwaani.

Saa za kazi

Watu hupenda kuamini kwamba msanii husubiri apandwe na mzuka. Anayeitembelea karakana yoyote inayofanya kazi huona kitu kingine. Mtindo wa Tingatinga ni mfano mzuri kwa sababu mwendo wake umo ndani ya vifaa vyenyewe. Edward Tingatinga alianza kuchora karibu mwaka 1968 kwa vitu vilivyokuwepo madukani: hadibodi za ujenzi na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Ubao mzima wa futi nne kwa nane ukikatwa vipande vya futi mbili kwa mbili hutoa vipande vinane bila kubakisha kitu, na picha nyingi za awali zina ukubwa wa karibu huo. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Mchoraji hupaka usuli, huuacha ubao uegemee ukuta, na hawezi kuugusa tena mpaka ukauke. Kwa hiyo hachori picha moja. Anachora nne au tano kwa pamoja: ubao huu unapakwa usuli, ule unawekewa umbo la chui au ndege, mwingine unajazwa rangi ya pili, na ule uliokauka vizuri unatiwa madoa na mistari myembamba kwa brashi ndogo, kazi inayotaka mkono usiotetemeka na mwanga wa asubuhi.

Mpangilio huo una faida ambayo mwandishi na mwanamuziki wanaweza kuichukua. Kazi iliyokwama haisimamishi siku, kwa sababu kuna nyingine iliyo katika hatua tofauti. Siku ya uchovu ina kazi zake, kama kukata mbao na kupaka usuli. Siku ya akili kali nayo ina zake. Mwandishi mwenye sura moja ya kuandika, nyingine ya kusahihisha na ya tatu ya kusomea utafiti hana sababu ya kukaa mbele ya karatasi tupu akijilaumu.

Kuhusu urefu wa saa, wengi hukosea kwa kutaka mno. Saa mbili za kila siku, kabla ya ajira au baada ya watoto kulala, huzaa kitabu ndani ya mwaka mmoja au miwili. Saa kumi na mbili za Jumapili moja katika mwezi huzaa maumivu ya kichwa. Kinachohitajika ni saa hizo zijulikane na watu wa nyumbani, na simu iwe chumba kingine.

Pwani ina desturi nyingine ya wakati ambayo haijathaminiwa vya kutosha kama hekima ya kazi. Mwezi wa Ramadhani vikundi vya taarabu kwa kawaida husimamisha maonyesho. Jukwaa hufungwa, sauti hupumzika, na Idi ikifika watu hutarajia kusikia nyimbo mpya. Ndani ya mwaka mmoja pana pumziko lisiloweza kukwepwa na pana tarehe ya kumaliza kazi. Msanii asiye na kalenda kama hiyo, hasa anayeishi mitandaoni ambako kila siku inadai picha na video, anapaswa kujitengenezea yake.

Kimya kirefu nacho kisitafsiriwe mara moja kuwa ni mwisho. Shafi Adam Shafi alichapisha Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka uliofuata, kisha miaka 20 ikapita hadi Vuta N'kuvute mwaka 1999. Riwaya hiyo ya baada ya kimya ndiyo ambayo Amil Shivji aliigeuza filamu iliyotoka mwaka 2021.

Kukua bila kujipoteza

Soko linapopenda kitu, hutaka kile kile tena. Mchoraji aliyeuza tembo mmoja chini ya Mlima Kilimanjaro ataombwa tembo hamsini, na mwimbaji aliyevuma kwa wimbo wa mapenzi ataulizwa kwa nini anaimba jambo jingine. Oda za kurudia si ubaya. Zimewalisha na kuwasomeshea watoto wachoraji wengi wa Dar es Salaam, na mkono hujifunza kwa kurudia. Hatari huja pale ambapo kwa miaka hakuna ubao hata mmoja uliochorwa kwa kutojua utatokea vipi. Njia ya wazi ni kutenga sehemu ya wiki, hata siku moja tu, kwa kazi isiyo na mnunuzi.

George Lilanga alikua hivyo. Alitoka kusini mwa Tanzania akiwa mchonga vinyago wa Kimakonde, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Huko ndiko alikoonyesha kazi zake, akajifunza kuchora kwenye karatasi, kitambaa na bati, na mashetani aliowachonga kwenye mpingo wakahamia kwenye rangi kali zilizompeleka kwenye majumba ya maonyesho ya Ulaya, Marekani na Japani. Hakuacha alichokijua. Alikibeba kwenda kwenye kifaa kipya.

Mwili

Kila fani ina majeraha yake, na mengi huja polepole kiasi kwamba mwenyewe huyaona ni hali ya kawaida ya umri. Mwanamuziki wa bendi hupoteza masikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3, muda salama hupungua nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91. Ukumbi wa dansi wenye spika kubwa hufika 100 bila shida, ambapo hesabu hiyo inaacha dakika 15 tu, na bendi hupiga usiku mzima. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Mlio wa masikioni unaobaki asubuhi baada ya shoo ni onyo, wala si uchovu. Vizibo vya masikio vya bei nafuu, kumsogeza mpiga dramu mbali na mwimbaji, na kubadilishana nafasi mbele ya spika vingeokoa masikio ya watu ambao kazi yao yote imo humo.

Mchoraji wa rangi za mafuta huvuta mvuke wa rangi na thina siku nzima, na hatari huongezeka anapofungia kazi ndani kwa sababu ya vumbi au mvua. Kibaraza chenye upepo ni bora kuliko chumba, na kiko karibu bure. Mchonga mpingo huvuta vumbi la mti ambalo huwasha ngozi na kifua cha wengi. Kitambaa mdomoni hakitoshi. Barakoa ya seremala inatosha zaidi, na kumwagia maji sakafu kabla ya kufagia huzuia vumbi kupaa. Mwandishi huumia mgongo, shingo na macho, na dawa yake haina siri: kiti chenye kimo kinachofaa meza, na kuinuka kila baada ya nusu saa hivi.

Kuna pia barabara na usiku. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34. Safari za usiku baada ya shoo, dereva naye akiwa amekesha, ni hatari kubwa ya kazi hii katika Afrika Mashariki nzima, na kulala mjini hadi asubuhi kunapaswa kuingizwa kwenye bei ya shoo kama inavyoingizwa mafuta ya gari. Pombe ya bure kutoka kwa mashabiki na chakula cha saa nane za usiku navyo huacha alama zake. Maradhi nayo hayachagui fani: Lilanga aliugua kisukari hadi akakatwa miguu. Aliendelea kufanya kazi kwa kusaidiwa na vijana aliowafundisha, hadi alipofariki mwaka 2005. Presha na kisukari hupimwa kwa dakika chache katika zahanati, na mtu anayeishi maisha ya usiku ana sababu zaidi ya kupimwa kila mwaka.

Akili nayo ni mwili. Mtunzi anayesoma maoni ya mitandaoni kila saa hujiweka mikononi mwa watu wasiomjua, wanaosifu na kutukana kwa wepisi ule ule. Huzuni isiyoisha kwa wiki kadhaa, kukosa usingizi, au kupoteza hamu ya kazi iliyokuwa furaha si udhaifu wa imani wala laana. Ni hali inayotibika, na hospitali kubwa zina vitengo vya afya ya akili. Wasanii wengi huenda wakiwa wamechelewa, wakidhani mateso ni sehemu ya kipaji. Dhana hiyo imewaua watu na haifai kurudiwa.

Wenzi

Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya Zanzibar, ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Wanachama wake kwa miaka mingi wamekuwa watu wenye kazi zao za mchana, wanaokutana jioni kwenye klabu yao kufanya mazoezi. Bendi nyingi za kulipwa zilizozaliwa baadaye zimekufa na kusahauliwa, ilhali klabu hii imepita utawala wa kisultani, Mapinduzi ya 1964 na ujio wa kanda na simu. Sababu moja ni kwamba haikumtegemea mtu mmoja wala wimbo mmoja. Anayezeeka hufundisha, anayeingia hukaa nyuma kwanza, na mtunzi husikia wimbo wake ukipigwa na watu wanaojua kusema kwamba ubeti wa tatu haukukaa sawa.

Wachoraji wa Tingatinga walipata jambo kama hilo kwa njia ya msiba. Mwaka 1972 mwanzilishi wao aliuawa kwa risasi ya polisi iliyompiga kwa makosa, baada ya kuchora kwa miaka isiyozidi mitano. Mtindo ungeweza kwisha siku hiyo. Uliokolewa na ndugu na wanafunzi wachache aliokuwa amewafundisha, waliobaki wakiuza pamoja Morogoro Stores, Oysterbay, na ambao mwaka 1990 waliandikisha ushirika wao rasmi. Ushirika hununua vifaa kwa bei ya jumla, huwa na mahali pa kudumu pa kuuzia, na humpa mgeni anayepita nafasi ya kuona kazi za wengi. Ugomvi wa fedha na wa nani ni mwanafunzi halali haukosekani, lakini mchoraji aliye peke yake mtaani hugombana na njaa.

Mtu mmoja anayesoma au kusikiliza kazi kabla haijatoka, na ambaye hana cha kupata kwa kusifu, ana thamani kuliko mashabiki elfu. Mara nyingi yeye ni msanii wa umri ule ule mwenye shida zile zile, na deni hulipwa kwa kumsomea naye.

Karatasi

Hapa ndipo wasanii wengi wa Afrika Mashariki walipopoteza kilicho chao, na ndipo panapostahili uangalifu mkubwa kuliko pote. Hakimiliki huzaliwa kazi inapoandikwa, inaporekodiwa au inapochorwa. Kuisajili katika ofisi ya hakimiliki, kwa mfano COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya, husaidia kuthibitisha lakini si kunakoizaa. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo tungo za Mbaraka Mwinshehe bado zinalindwa hadi mwisho wa 2029.

Enzi za kanda, wanamuziki wengi walikwenda dukani na kanda ya asili ya rekodi zao, wakapokea fedha taslimu mara moja, wakatia saini karatasi ambayo hawakuisoma. Walikuwa wameuza kila kitu, kwa siku zote. Tofauti ya kuuza na kutoa leseni ndiyo sentensi moja ambayo kila msanii anapaswa kuifahamu kabla ya kushika kalamu. Anayeuza haki hana tena cha kudai wimbo ukigeuka mwito wa simu au tangazo la sabuni. Anayetoa leseni huruhusu matumizi fulani, mahali fulani, kwa muda fulani, na muda ukiisha haki humrudia. Kwa hiyo mkataba husomwa kwa maswali: ni matumizi yapi, nchi zipi, miaka mingapi, na nani analipwa mtu wa tatu akiitumia kazi? Mkataba usiotaja muda usitiwe saini.

Waandishi wana mtego wao katika mrabaha. Asilimia 10 inasikika sawa kila mahali, ila 10 ya nini? Kitabu kikiuzwa shilingi 10,000, asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 1,000. Kama mkataba unasema asilimia 10 ya mapato ya mchapishaji, na duka limepewa punguzo la asilimia 40, mapato ni 6,000 na mwandishi hupata 600. Kwa nakala 2,000 tofauti ni shilingi 800,000, kwa neno moja katika mstari mmoja. Mkataba useme pia hesabu itatolewa mara ngapi kwa mwaka, na haki zitarudi lini iwapo kitabu kitakwisha sokoni bila kuchapwa tena.

Bendi na makundi yaandikiane mapema, wakati wangali wanapendana. Nani alitunga mashairi, nani muziki, jina la kundi ni la nani, na anayeondoka anaondoka na nini. Ukurasa mmoja wenye saini zote na tarehe, uliotungwa siku ya kurekodi, umezuia kesi nyingi.

Mwisho ni orodha ya kazi. Kwa kila wimbo, picha au kitabu huandikwa jina, mwaka, walioshiriki, iliporekodiwa au ilipochapwa, mkataba upi unaihusu na unaisha lini, na fedha huingia kwa njia ipi. Picha za ubao hupigwa picha kabla ya kuuzwa na kuandikwa jina la mnunuzi. Faili za sauti huwekwa mahali pawili. Bila orodha hiyo mjane au watoto hawawezi kudai mrabaha wa kitu wasichojua kuwa kipo, na ofisi ya hakimiliki haiwezi kuwasaidia. Kwa hiyo nakala moja hukaa na msanii, ya pili kwa ndugu anayeaminika au wakili, na wosia humtaja kwa jina mtu atakayezisimamia haki hizo.